Rada ya toroli langu inasema gari linaondoka wakati linakuja. Nimekosea wapi?

Toroli_Isongole | Jumapili, saa 2:40 usiku

Wakuu, wakubwa shikamooni, na wengine poleni na kazi.

Niko Isongole ya Rungwe, barabara ya Uyole–Tukuyu. Nilisomea elektroniki ngazi ya ufundi, na huu ni mwaka wa pili natengeneza toroli la umeme linalojiendesha lenyewe, la kubebea viazi. Shamba letu liko chini ya lami, banda la kupimia liko ng'ambo, upande wa juu. Vijana wanapandisha lumbesa mgongoni, na mama yangu, mwenye miaka 58, bado anapanda na ndoo kichwani asubuhi mpaka jioni, msimu mzima. Nataka aache kupanda. Hiyo ndiyo sababu ya yote ninayouliza hapa, kwa hiyo anayejua asinifiche.

Nilianza na kamera, nikaiweka pembeni. Anayeujua ukungu wa huku anaelewa: kuna asubuhi huoni mti ulio hatua ishirini mbele yako. Rada haisumbuliwi na ukungu kwa sababu tone la ukungu ni dogo mno mbele ya wimbi lenye urefu wa milimita 12. Nikanunua moduli ya gigahezi 24, ile ambayo masafa yake unayapandisha kwa volti. Nimeipanga hivi: masafa yanapanda megahezi 200 ndani ya mikrosekunde 160, yanarudishwa chini, na kila baada ya mikrosekunde 200 mpando mpya unaanza. Mipando 128 inafanya kipimo kimoja. Bodi ni STM32, kompyuta ndogo ya chipu moja, inasoma mwangwi kwa mikondo miwili, kila mmoja sampuli milioni 1 kwa sekunde. Kisha napitisha FFT, hesabu inayochambua mwangwi kwa masafa yaliyomo: ya kwanza inanipa umbali, ya pili inanipa mwendo.

Sasa shida zenyewe.

Fundi bati mmoja wa Mwanjelwa alinikunjia kona ya alumini, bapa tatu zinazokutana kwa pembe mraba, kila ukingo sentimita 20. Nimeisimamisha juu ya mti, nimepima kwa tepu ya mita 50, nimerudia mara tatu. Kwa mita 10 rada inasema 10.50. Kwa mita 20 inasema 21.00. Kwa mita 40 inasema 42.00, ghafla 41.25, kisha 42.00 tena, na kona haijatikisika.

Upande wa mwendo, bajaji na bodaboda zinapimwa sawasawa. Mjomba akanisaidia na Noah yake, simu yenye GPS juu ya dashibodi, mimi nimefunga rada pembeni ya lami, mita 6 kutoka katikati ya njia anayopita. Akija kwa 40, rada inaanza na 40, halafu 39, 38, na akiwa mita 15 inasema 37. Mjomba anaapa hajagusa breki. Tukatafuta sehemu iliyonyooka akaja kwa 80. Rada ikasema gari linaondoka kwa kilomita 32 kwa saa. Tunaliona kwa macho linakuja!

Hapo niliogopa, wakuu. Toroli hili linatakiwa kuvuka lami. Likiamini kwamba Coaster ya Kyela inaondoka, litaingia barabarani na viazi vyake.

Nimeweka kichujio cha Kalman, hesabu ya kutuliza vipimo vinavyotikisika. Namba zimetulia, lakini hazijawa za kweli. Nianzie wapi?

---

DadaMawimbi_Iringa | Jumapili, saa 4:05 usiku

Kaka wa Isongole, marahaba, na mama mpe pole.

Umetupa namba zako kama zilivyo, na namba hizo zinajieleza. Chukua 10.50, 21.00, 41.25 na 42.00. Zigawanye zote kwa 0.75. Unapata 14, 28, 55 na 56, hakuna hata moja yenye mabaki. Rada yako haijapima mita 42, imehesabu madebe 56.

FFT inaugawa umbali katika madebe, na ukubwa wa debe unaamuliwa na upana wa masafa tu: kasi ya mwanga ugawe kwa mara mbili ya upana. Milioni 300 kwa milioni 400, ndiyo hiyo 0.75. Kona yako iko mahali fulani katikati ya debe la 55 na la 56, na programu yako inachukua debe lililojaa zaidi na kutupa mengine. Kelele kidogo ikitikisa, debe la jirani linashinda, namba inaruka sentimita 75 nzima.

Watu wengi huchanganya mambo mawili hapa. Kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana, hilo linataka upana wa masafa, na hakuna hesabu itakayokuokoa. Bendi ya gigahezi 24 inayotumiwa na moduli kama yako inaanzia 24.00 mpaka 24.25, kwa hiyo hata ukiimaliza yote hutashuka chini ya sentimita 60. Magari mengi yanayotengenezwa sasa hivi yako kwenye gigahezi 76 hadi 81, na ukitumia upana wa gigahezi 4 debe linakuwa chini ya sentimita 4. Ulaya na Marekani zilishafunga mlango wa rada mpya za upana mkubwa kwenye gigahezi 24 tangu mwanzo wa 2022, ndiyo maana wengi wamehamia juu.

Lakini kujua kitu kimoja kiko wapi hasa ni suala jingine, na hapo moduli yako ina uwezo mkubwa kuliko unaoutumia. Usichukue kilele tu. Chukua debe la kilele na majirani zake wawili, kwa desibeli, pitisha parabola, ule mstari uliopinda kama kilima, juu yao. Tuseme debe la 55 lina 46, la nyuma yake 38, la mbele 44. Toa la mbele kutoka la nyuma: 38 − 44 = −6. Chini yake weka 38 − 92 + 44 = −10. Gawanya, kisha chukua nusu: 0.3. Kilele halisi kiko 55.3, yaani mita 41.475. Mistari minne ya programu, basi.

Kabla ya FFT zidisha sampuli zako kwa dirisha la Hann, yaani namba zinazoanza na sifuri, zinapanda katikati na kushuka tena mpaka sifuri. Bila dirisha, kitu kikubwa kinamwagikia madebe ya jirani na kumfunika kitu kidogo. Na hili lichukulie kwa uzito: kona ya sentimita 20 kwa wimbi lako inaakisi kama kitu cha mita za mraba 44 hivi. Mtu aliyesimama anaakisi kama mita 1 ya mraba, mara nyingi chini ya hapo. Kona ni ya kusahihishia kipimo. Usijipe moyo kwamba rada inayoiona kona mita 40 itamwona na mama akiwa mita 40.

Kalman kiweke mwisho. Kichujio kinaondoa mtikisiko. Kosa lililolala upande mmoja hakiligusi, kinalilainisha tu mpaka ulikubali.

Fanya hili kwanza, ya mwendo nitarudi kesho.

---

Toroli_Isongole | Jumatatu, saa 1:15 usiku

Dada, asante sana. Nimekesha, na leo mchana nimepima upya. Parabola na dirisha vimeingia. Sasa ni 10.50 kwa mita 10, 20.90 kwa mita 20, na 41.70 kwa mita 40. Hairuki tena, inatikisika sentimita mbili au tatu tu. Lakini tepu haikubaliani nayo. Nimeshuku tepu yenyewe, nikaazima nyingine kwa fundi ujenzi, zimelingana.

---

Mnyalukolo_wa_Ilula | Jumatatu, saa 2:30 usiku

Kamwene. Mimi ni fundi wa redio za upepo tangu zamani, rada nimejifunza ukubwani, ila kosa lako nalifahamu vizuri.

Tazama tofauti badala ya namba. Kutoka mita 10 hadi 20 rada yako imeongezeka 10.40. Kutoka 20 hadi 40 imeongezeka 20.80. Zote ni asilimia 4 zaidi. Kosa linalokua pamoja na umbali linatoka kwenye mpando: wewe unaamini masafa yanapanda megahezi 200, kumbe yanapanda 208. Ukiondoa hiyo asilimia 4, inabaki sentimita 10 ambayo haikui wala haipungui. Hiyo ni njia ya ndani, waya na antena, wimbi linachelewa humo kabla hata halijatoka. Kwa hiyo: toa 0.10, gawanya kwa 1.04. Jaribu na namba zako, utapata 10, 20 na 40.

Usishangilie bado. Moduli za aina hiyo hazina kitu kinachoyashika masafa yake. Volti ileile leo inatoa masafa haya, kesho mengine, kwa sababu joto limebadilika. Chipu za rada za magari masafa yake yamefungwa kwenye fuwele ya kwatzi, ndiyo maana zinaaminika alfajiri na mchana. Yako iko huru. Na wewe uko Isongole! Amka saa 12 asubuhi, pima kona ileile, kisha pima saa 8 mchana. Kama asilimia 4 imebaki asilimia 4 nitashangaa.

Dawa ya bei nafuu: kona moja isimike chini kabisa, usiiondoe, mita 15 kutoka mahali toroli linapolala. Kila asubuhi kabla halijaondoka lijipime dhidi ya kona hiyo na kujirekebisha. Mashineni kwetu mzani wa mahindi unawekewa jiwe la kilo linalojulikana kabla ya mteja wa kwanza.

Kuna jambo lingine la mpando: haunyooki. Volti ikipanda sawasawa, masafa hayapandi sawasawa, mwanzoni yanakimbia, mwishoni yanachoka. Kilele cha kitu cha mbali kinatanuka kama unga uliomwagika. Pima masafa kwa volti tofauti kumi na mbili hivi, tengeneza jedwali, na volti uzitoe kwa kufuata jedwali hilo. Kazi ya siku moja, lakini inalipa kuliko antena mpya.

---

DadaMawimbi_Iringa | Jumatatu, saa 3:50 usiku

Mzee wa Ilula kamaliza upande wa umbali. Sasa mwendo, na hapa kuna makosa mawili yasiyohusiana.

Mjomba hakugusa breki, mwamini. Rada haipimi mwendo wa gari, inapima jinsi gari linavyoisogelea rada. Ukiwa mita 6 pembeni, gari likiwa mbali linakuja karibu moja kwa moja kwako. Likikaribia, sehemu ya mwendo wake inakupita ubavuni. Unachosoma ni mwendo halisi mara kosini ya pembe. Kwa umbali wa mita 30 pembe ni ndogo, 40 inaonekana 39.2. Mita 20, 38.2. Mita 15, 36.7. Ndizo namba zako hasa. Kwa kuwa mita 6 unazijua na umbali unaupima, pembe unaipata: sini yake ni 6 kugawa kwa umbali. Gawanya mwendo kwa kosini, limekwisha.

Gari linalojiendesha halina mita 6 za kujua mapema, kwa hiyo lina antena nyingi zinazopima pembe ya kila mwangwi. Na linaigeuza shida hiyo kuwa faida: nguzo, miti na kingo za barabara zimesimama, lakini kila kimoja kinaonekana kikija kwa mwendo wa gari mara kosini ya pembe yake. Ukivipanga vyote pamoja unapata mwendo wako mwenyewe bila kuuliza magurudumu. Kwako hilo lina maana. Kwenye matope, gurudumu linazunguka na toroli limesimama palepale.

Sasa hilo gari linaloondoka. FFT yako ya pili inalinganisha mpando na mpando unaofuata. Kati ya mipando miwili kitu kikisogea zaidi ya robo ya wimbi, hesabu haijui kama kimekwenda mbele au kimerudi. Wimbi lako ni milimita 12.4, robo yake milimita 3.1. Kwa kila mikrosekunde 200, hiyo ni mita 15.5 kwa sekunde, kilomita 56 kwa saa. Bajaji ulizopima hazikufika huko. Noah ya 80 imepita mpaka, ikazunguka, ikatokea upande wa pili: 80 − 112 ni −32. Rada yako imefanya kazi vizuri kabisa, wewe ndiye hukuipa njia ya kujua. Ni kama kuitazama saa ya ukutani ukaambiwa mshale umesogea kutoka 12 hadi 9: umerudi saa tatu au umeenda saa tisa?

Njia moja ni kufupisha muda wa mpando, lakini sampuli zitakuwa chache. Njia ninayoipenda ni kubadilisha muda. Kipimo kimoja tumia mikrosekunde 200, kinachofuata tumia 230. Kwa 230 mzunguko mzima ni kilomita 97 badala ya 112. Basi la 80 litasomeka −32 mara ya kwanza na −17 mara ya pili. Sasa orodhesha zinazowezekana: kwa kipimo cha kwanza ni −32 au 80, kwa cha pili ni −17 au 80. Zinakutana 80 peke yake. Magari hufanya hivihivi.

Ukishapata mwendo wa kweli, rudi kwenye umbali. Kitu kinachokuja kinabadilisha masafa ya mwangwi, na FFT ya kwanza inadhani mabadiliko hayo ni umbali. Kwa mpando wako, basi la 80 litaonekana karibu zaidi kwa sentimita 43. Ongeza hizo 43. Lakini ni lazima uanze na mwendo, maana ukitumia −32 utasahihisha kwenda upande usio wenyewe.

---

Fundi_Rangi_Mafiati | Jumanne, saa 4:20 asubuhi

Habari zenu. Mimi ni fundi wa kunyoosha bodi na kupiga rangi, hesabu zenu sizifuati zote, ila nina swali: hiyo rada umeifunika na nini?

Nauliza kwa sababu miaka ya karibuni tunaletewa magari ya Japani yenye rada nyuma ya nembo au nyuma ya bampa. Mwaka jana nilipokea gari lililogongwa mbele, mwenzetu mmoja akawa amelijaza puti na kupiga rangi ya metali mara tatu, kazi safi kwa macho. Mwenye gari akarudi analia: taa ya onyo haizimiki, na siku inapozima, gari linajifunga breki njia nyeupe. Tukakwangua bampa mpaka plastiki, tukalipiga rangi nyembamba, tukalipeleka kwa mwenye kompyuta akainyoosha rada upya. Likapona. Tangu siku ile mbele ya rada siweki puti, nabadilisha bampa.

---

Toroli_Isongole | Jumanne, saa 6:10 mchana

Fundi, shikamoo. Nimeifunika kwa kontena la plastiki la chakula, lile la mfuniko wa buluu. Mvua ikinyesha na matope yakiruka, mwangwi unapungua sana, nilidhani ni mvua yenyewe.

---

DadaMawimbi_Iringa | Jumanne, saa 7:00 mchana

Fundi amegusa mahali sikuwa nimefikiria. Plastiki nayo inaakisi, upande wa ndani na upande wa nje. Unene ukiwa nusu ya wimbi lilivyo ndani ya plastiki, miakisio hiyo miwili inauana. Kwa gigahezi 24 na plastiki ya kawaida ni karibu milimita 4. Kontena la chakula lina milimita 1, haliko popote. Kwa gigahezi 77 nusu wimbi ndani ya plastiki ni kama milimita 1.2, ndiyo maana tabaka la puti linaharibu kila kitu. Tafuta bapa la milimita 4, lisimame wima, maji yateleze. Filamu ya maji juu ya kifuniko inakula zaidi kuliko mvua iliyo hewani.

---

Dereva_wa_Tunduma | Jumanne, saa 3:30 usiku

Kijana wangu wa Isongole, mimi naendesha semi, Dar–Tunduma miaka kumi na tisa, na hiyo barabara yako ya Tukuyu naijua, nimepita na saruji kwenda Kyela. Nimesoma yote haya kwa makini kwa sababu ni mimi nitakayekuja upande ule mwingine.

Naomba unijibu mawili. Toroli lako linachukua sekunde ngapi kuimaliza lami, kuanzia linapokanyaga bega la barabara mpaka mkia unapotoka? Na rada yako inaliona basi likiwa mita ngapi?

---

Toroli_Isongole | Jumanne, saa 3:55 usiku

Mzee, shikamoo. Lami na mabega yake ni mita 8 na nusu, toroli lina urefu wa mita 2 na nusu, linakwenda mita 1 kwa sekunde. Sekunde 11. Coaster inaonekana vizuri kuanzia mita 90.

---

Dereva_wa_Tunduma | Jumanne, saa 4:20 usiku

Marahaba. Basi la 80 linakula mita 22 kwa sekunde. Mita 90 ni sekunde 4. Wewe unahitaji 11. Katika sekunde 11 basi linatembea mita 244.

Mwanangu, hata rada yako ikisoma umbali mpaka upana wa ukucha, basi ambalo halijafika mita 90 halipo kwenye hesabu zake. Itasema njia nyeupe, toroli litaingia, na litakuwa katikati ya lami wakati basi linatokea. Dereva akishtuka, sekunde moja na nusu inapita kabla mguu haujafika kwenye breki, hizo ni mita 33, na bado hajaanza kupunguza. Kwenye lami yenye maji, akiwa na abiria, kuna dereva atakayejaribu kulikwepa. Mimi nimeona gari likikwepa ng'ombe kule kwenye mteremko. Sitaki kueleza.

Nakuunga mkono asilimia mia, mama apumzike. Lakini toroli lisivuke lenyewe.

---

Mnyalukolo_wa_Ilula | Jumanne, saa 4:45 usiku

Mzee wa semi kasema neno. Na usifikirie kuongeza nguvu kidogo kutatosha. Mwangwi unadhoofika kwenda na unadhoofika kurudi, kwa hiyo unapungua kwa umbali uliozidishwa wenyewe mara nne. Ukitaka kuona mara mbili mbali zaidi unahitaji nguvu mara 16. Kutoka mita 90 hadi 250 ni karibu mara 60. Rada za mbele za magari zinafika huko kwa antena zinazokusanya wimbi kwenye boriti nyembamba, na bado zinahitaji njia iwe wazi. Kona zenu za Rungwe haziko wazi, na rada haipindi kona.

---

Toroli_Isongole | Jumapili iliyofuata, saa 2:10 usiku

Wazee wangu, dada, fundi, nimerudi na majibu.

Mzee wa Ilula, ulivyosema ndivyo. Saa 12 asubuhi, mkono unauma kwa baridi, kosa lilikuwa asilimia 5. Saa 8 mchana, asilimia 4. Kona nimeisimika kwenye saruji, mita 15 kamili kutoka banda la kulaza toroli, na kila asubuhi linajipima kwanza. Jedwali la volti nimelitengeneza Jumatano. Kilele cha kona ya mita 40 kilikuwa kimetapakaa kwenye madebe manne, sasa kimesimama kwenye mawili. Nimepima vituo sita kati ya mita 3 na mita 45, alfajiri na mchana, kosa kubwa kabisa lilikuwa sentimita 9.

Mikrosekunde 200 na 230 zimefanya kazi siku ileile. Mjomba alikuja kwa 80, rada ikatoa −32, ikatoa −17, programu ikaandika 80. Nilikaa chini pembeni ya lami nikaiangalia ile namba kwa muda. Akarudia kwa 60, ikaandika 60. Na kwa kosini, Noah ya 40 inabaki 40 mpaka mita 15, chini ya hapo inayumba, nadhani kwa sababu mwangwi unatoka kwenye tairi na mlango badala ya pua ya gari.

Mzee wa semi, usiku ule sikulala. Nimelifuta jambo la kuvuka kwenye programu. Nimelifuta kabisa, halijazimwa tu. Toroli likifika mita 5 kabla ya lami linasimama, linawasha taa ya njano, na haliondoki mpaka mtu abonyeze kitufe. Mdogo wangu anasimama na kitambaa chekundu upande wa kona, mwingine upande wa mteremko, kama tunavyofanya tunapovusha ng'ombe. Rada inabaki shambani, kwenye njia ya mita 300 kutoka bondeni, ambako hatari ni mtoto, mbwa, mtu aliyeinama anachimba viazi. Dada aliposema mtu anaakisi mita 1 tu ya mraba au chini ya hapo, nilienda kumpima mtu. Aliyesimama anaonekana mita 28. Aliyeinama kwenye majani yaliyolowa, mita 11. Kwa mita 1 kwa sekunde, 11 zinatosha, toroli linasimama ndani ya sentimita 70.

Juzi alfajiri kulikuwa na ukungu mzito, toroli lilikuwa linapanda na magunia mawili, mimi niko nyuma yake silioni vizuri. Likasimama lenyewe. Kwenye simu nikasoma mita 3.1, mwendo sifuri. Nikasogea mbele nikamkuta mama, katikati ya njia, ameshusha ndoo anajifunga kanga upya. Akaniuliza kwa nini limesimama.

Nilipima kwa tepu kutoka kwenye rada mpaka kwenye ndoo. Mita 3.05.

Fundi wa Mafiati, nimepata bapa la plastiki la milimita 4 lakini kulikata kunanishinda, linapasuka. Jumamosi nitapanda hiace nije kwako, unielekeze tu nitakukuta upande gani.

---

Fundi_Rangi_Mafiati | Jumapili, saa 3:02 usiku

Njoo asubuhi kabla ya saa 4, kazi zikiwa hazijajaa. Ukishuka Mafiati ulizia fundi rangi mwenye kontena la kijani, utaonyeshwa. Hiyo plastiki usiikate kwa msumeno, tutaipasha moto kwanza. Na mama mpelekee salamu.